NJIA NAYO INA HAKI YAKE

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, mwenye duka, katika mkutano wa tawi. Tunaichapa kwa ombi la waliohudhuria.)



Najua wengi wenu mmekuja mkitaraji kusikia habari za uchaguzi, za katiba na za daftari la wapiga kura. Hayo ni mambo makubwa, nayo yana wasemaji walio bora kuliko mimi. Mimi nimechagua jambo lionekanalo dogo, nalo ni njia ya kupita mwenda kwa miguu na mpanda baskeli. Nataraji kabla sijaketi mtakubaliana nami kwamba si dogo, na kwamba ni katika siasa khasa. Kwani siasa ni nini, ila kuuliza mali ya wote inatumiwa kwa ajili ya nani?

Zitazameni barabara zetu asubuhi mapema, Unguja na Pemba. Mtamwona mtoto wa skuli aliyemshika mkono mdogo wake. Mtamwona mama anayekwenda kituo cha afya, mchuuzi wa samaki mwenye tenga nyuma ya baskeli, mkulima apelekaye muhogo sokoni, na mzee arudiye kusali. Wote hawa wako ukingoni, mguu mmoja juu ya lami na mmoja katika mtaro. Gari ikija, hushuka. Gari ikipita, hupanda. Na mvua za masika zikinyesha mtaro hujaa maji, na hapo hawana tena pa kushukia.

Hatusemi kwamba lami ni mbaya. Lami ni neema, na aliyewahi kumpeleka mgonjwa hospitali usiku kwa njia ya mashimo hawezi kuikanusha. Tusemalo ni kwamba barabara ikinyooshwa na kupanuliwa bila ya kuwekewa njia ya pembeni, mwendo wa gari huzidi, na mwendo ndio uuao. Shirika la Afya Duniani limekisia kwamba katika mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani, na kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa hivyo ni wendao kwa miguu, wapanda baskeli na wapanda pikipiki. Basi wanaokufa wengi si waliomo ndani ya magari.

Hapa kwetu tunao mfano, nami siusemi kwa mzaha. Barabara ya kusini ya Unguja inapita kando ya msitu wa Jozani, makaazi ya kima punju, mnyama ambaye asili yake ni kisiwa hiki peke yake. Kima hawa walikuwa wakigongwa na magari mara kwa mara. Watu wa elimu wakakaa, wakahesabu waliokufa, wakaandika, kisha wakataka jambo moja lililo wazi: matuta barabarani. Matuta yakajengwa na vifo vikapungua. Mimi simhusudu kima, naye ni kiumbe cha Mungu. Lakini nauliza: ni nani aliyekaa na kalamu na kitabu akamhesabu mtoto wa skuli? Kima hana ulimi wala kura, na amepata wakili. Sisi tuna ndimi na tuna kura, na tumenyamaza.

Ndugu zangu, kumfikiri mwenda kwa miguu si jambo geni kwetu. Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia, ulijengwa kwa kadiri ya mtu na punda wake. Nyumba zake zinakutupia kivuli, na baraza zake zinakupa pa kukaa ukichoka. Na huko shamba, miembe ya Bi Khole iliyopandwa katika karne ya 19 kandokando ya njia ya Bungi ilimpa msafiri kivuli. Waliotutangulia walijua kwamba njia ni mahali pa watu kabla ya kuwa mahali pa vyombo.

Na tulifunzwa chuoni, tukiwa bado watoto, kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani, na kwamba njia ina haki yake juu ya kila anayekaa kandoni mwake. Tena imesimuliwa habari ya Sayyidna Umar, Mungu amridhie, kwamba alikhofu kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa katika nchi ya mbali ya Iraki kwa sababu yeye hakumtengenezea njia. Ikiwa mtawala alikhofu kwa ajili ya nyumbu, je, kwa ajili ya mwana wa Adamu?

Huenda mmoja wenu akasema moyoni: hayo ni mambo ya wenye nchi tajiri, Wazungu wamezaliwa na baskeli. Sivyo. Uholanzi, ambayo leo husifiwa kwa baskeli, baada ya vita ilifuata gari kama wengine. Katika mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa kwa ajali za barabarani katika nchi ile, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Wazazi wakatoka majiani, wakaunda chama walichokiita kwa jina zito, maana yake "Acheni Kuua Watoto". Mwaka 1973 ikaingia dhiki ya mafuta, na serikali yao ikaona kwamba madai ya wazazi na haja ya nchi yamekutana. Njia za baskeli wanazojivunia leo ni matunda ya watu kudai na serikali kutoa fedha.

Mfano wa pili ni wa kura. Huko California, katika mji mdogo wa Davis, wakaazi walitaka sehemu ya barabara itengwe kwa baskeli, na wakubwa wa mji hawakutaka. Katika uchaguzi wa baraza la mji wa mwaka 1966 wakaazi wakawachagua wale waliokubali, na mwaka 1967 njia zikachorwa. Hawakungoja hisani, walitumia kura.

Mfano wa tatu ni wa sheria, nao naomba muutie akilini zaidi ya yote. Jimbo la Oregon, huko huko Marekani, lilipitisha sheria mwaka 1971 kwamba barabara inapojengwa au kujengwa upya, kwa kawaida ijengwe pamoja na njia ya miguu na ya baskeli. Na kwamba katika fedha za mfuko wa barabara, isipungue 1 katika kila 100 itumike kwa njia hizo. Moja katika mia ni kidogo, lakini ni kidogo kilichoandikwa, na kilichoandikwa mtu huweza kukidai. Na karibu na sisi, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, mwaka 2016 lilizishauri nchi zitenge angalau 20 katika kila 100 ya fedha za usafiri kwa ajili ya watembeao na wapanda baskeli.

Wala tusiseme kwamba katika Jamhuri yetu jambo hili halijawahi kufanywa. Dar es Salaam, mabasi ya mwendo kasi yalipoanza mwaka 2016 katika barabara ya Morogoro, pembeni mwake palikuwa pamejengwa njia za miguu na za baskeli. Basi wahandisi wanajua namna ya kuzijenga, na wakopeshaji hukubali kuzilipia zikiwa zimo katika mchoro tangu mwanzo. Lakini barabara ikisha kumalizika, kuja kuongeza njia ya pembeni ni kuhamisha mitaro, kung'oa nguzo za umeme na kulipa fidia za nyumba.

Sasa nafika kwenye fedha, na hapa naomba niseme kama mwenye duka. Wako wasemao kwamba barabara ni ya wenye magari, kwa kuwa wao ndio wanunuao mafuta, na katika mafuta ndimo unamotoka mchango wa Mfuko wa Barabara. Neno hili lina sura ya haki, lakini halina haki ndani yake. Unga ninaouza umeletwa kwa gari kutoka bandarini. Mafuta yakipanda, mwenye gari hunipandishia mimi, nami, Mungu anisamehe, humpandishia mnunuzi. Basi yule bibi anayekuja dukani kwa miguu kununua kilo moja ya unga amelipa mchango wa barabara ndani ya kilo ile, ingawa hajapata kushika usukani maisha yake yote. Yeye naye ni mwenye barabara. Hatuombei sadaka, tunamdaia mali yake.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Dukani kwangu deni lisiloandikwa halilipwi. Mdai hulisahau, na mdaiwa hulisahau upesi zaidi. Vivyo hivyo njia isiyoandikwa katika bajeti haijengwi, hata kama kila kiongozi ameiahidi jukwaani. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Anayekuja kulalamika mwezi wa Agosti amekuja duka limefungwa. Shabaha yetu basi iwe fungu lenye jina lake, lililoandikwa kwa sheria, lisilotegemea ukarimu wa waziri huyu wala yule.

Ili tulidai kwa hoja, napendekeza mambo manne.

Kwanza, tuhesabu. Kila tawi liwatoe vijana wawili wenye daftari, wakae kandoni mwa barabara siku ya skuli na siku ya soko, asubuhi na jioni, waandike wangapi wamepita kwa miguu, wangapi kwa baskeli, wangapi kwa gari, na wapi watu huvuka. Waandike kweli tupu, hata ikiwa hesabu haitupendezi. Uwongo mmoja ukigunduliwa utaifuta kweli yote.

Pili, tuchore. Njia njema ni ile inayounganisha mahali na mahali: nyumba na skuli, skuli na kituo cha afya, soko na bandari. Kipande cha nusu maili kinachoishia kichakani ni pambo. Tuketi na masheha, na walimu, na khasa na kina mama, tuulize watu hupita wapi kwa hakika. Na katika mchoro tutaje upana wa kupishana watu wawili wenye mizigo, mitaro iliyofunikwa, mteremko kwa ajili ya kiti cha mgonjwa, na miti ya kivuli.

Tatu, tupeleke. Hesabu na mchoro vifike kwa diwani, katika baraza la mji au halmashauri ya wilaya, kisha kwa mwakilishi katika Baraza la Wawakilishi, kabla bajeti haijasomwa. Tupeleke bila kujali diwani ni wa chama gani. Mtoto akigongwa, dereva hakumwuliza kadi yake.

Nne, tuitunze ardhi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,889,773. Watu wamezidi zaidi ya 586,000 kwa miaka kumi, na ardhi haikuzidi hata shubiri moja. Kipande cha pembeni kilicho wazi leo, kesho kitakuwa na msingi wa nyumba.

Na hili la nne, Bwana Mwenyekiti, ndilo lililonikosesha usingizi nilipokuwa nikiiandika hotuba hii. Kwani mbele ya duka langu, kwa miaka mingi, nilipanga magunia na sanduku la barafu juu ya kipande cha ardhi ambacho si changu. Watoto wa skuli walipofika hapo walishuka barabarani kunizunguka, na mimi nikiwatazama huku nikisoma magazeti na kuilaumu serikali. Siku niliyoandika maneno ya udhia wa njiani, kalamu ilinisimama. Nikaamka, nikamwita kijana wangu, tukayaingiza magunia ndani. Duka limekuwa dogo na nimepoteza baadhi ya wanunuzi waliozowea kuchagua bidhaa nje. Lakini naweza kusimama hapa. Nawaomba wenye maduka wenzangu, wenye vibanda, na wenye bodaboda wanaoegesha njiani, tuanze sisi. Chama kinachotaka kukabidhiwa nchi na kionyeshe kwanza kwamba kinaweza kuacha wazi hatua mbili za ardhi mbele ya mlango wake.

Nasikia tena neno la wale wasemao kwamba tukishughulika na vijia tutaisahau haki kubwa. Nawajibu kwa upole: haki kubwa haina mahali inapoonekana ila katika hizi ndogo. Raia aliyezowea kuruka mtaroni kila gari ya mkubwa inapopita, atazowea pia kunyamaza kila mkubwa anaposema. Na raia aliyedai njia yake, akahesabu, akaandika, akaipata, huyo amejifunza jinsi ya kudai na yaliyobaki.

Nimekwisha. Nilipokosea ni kwa nafsi yangu, na nilipopatia ni kwa tawfiki yake Mola. Naliacha pendekezo langu mezani, Bwana Mwenyekiti, lipigiwe kura usiku huu huu, ili kesho asubuhi, watoto wakienda skuli, pawepo mwenye kalamu na kitabu kandoni mwa barabara.