Tundu Kwanza, Kamera Baadaye

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana wanaorekodi mikutano ya chama. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.)

Najua mmekaa hapa tangu asubuhi, sitazunguka.

Tumechangishana, laptopu mpya imepatikana, sasa tunatafuta kamera ya video. Kila mtu ananitumia picha ya kamera. "Dada, hii inavuta mbali." "Dada, hii bei imeshuka." Sawa, lakini swali langu ni moja tu: picha zitatokaje humo ndani ziingie kwenye laptopu? Laptopu yetu ni nyembamba. Ina matundu mawili ya USB aina ya C, yale madogo ambayo pini unachomeka upande wowote, na tundu la spika za masikioni. Basi. Lile tundu pana la USB halipo, la memori kadi halipo, la HDMI halipo. Na tundu moja muda mwingi litakuwa na chaja.

Kwanza tuzitoe kamera za kanda, zile za MiniDV. Najua zipo mitumba, na ninyi mnaopenda vitu vya zamani mtanisema. Picha yake si mbaya hata leo. Lakini video yake inatoka kwa waya wa FireWire, ambao Sony waliuita i.LINK, na laptopu mpya madukani hazina tundu hilo. Nyingi kati ya hizo kamera zina tundu la USB pia, na hapo ndipo watu wanaponasa: mara nyingi lile ni la picha za mnato, si la kutolea kanda kwa ubora wake. Halafu kanda ya saa moja inahamishwa kwa saa moja, hakuna njia ya mkato, na inakula GB 13 hivi. Mkutano wa saa tatu utahamisha hadi usiku wa manane. Tuziache.

Pili, HDMI. Kuna mtu kaniambia tutafute laptopu nyingine yenye HDMI ili kamera ichomekwe humo. Jamani, HDMI ya laptopu za kawaida ni mlango wa kutokea tu. Inapeleka picha kwenye runinga, haipokei. Ukitaka kuingiza picha ya kamera moja kwa moja, kwa mfano kurusha mkutano mubashara, unahitaji kifaa cha katikati cha kunasia picha, kinachopokea HDMI upande mmoja na kutoa USB upande wa pili. Vipo vidogo kama flashi. Ila kamera ndogo nyingi zina HDMI ndogo, na ndogo zenyewe ni za aina mbili, kwa hiyo ukinunua waya, nenda na kamera mkononi.

Kinachotufaa ni kamera ya memori kadi. Na hapa msihangaike na waya wa kamera. Nunueni kisomea kadi chenye pini ya aina C. Kadi inatoka kwenye kamera, inaingia kwenye kisomea, kazi imeisha, na kamera inaendelea kurekodi na kadi nyingine. Kwa waya, kamera lazima ikae imewashwa, na betri ikikata katikati faili linaweza kuharibika.

Hesabu ya kadi: ukirekodi kwa megabiti 24 kwa sekunde, saa moja ni karibu GB 11. Kadi ya GB 32 inabeba mkutano wa saa mbili na nusu bila wasiwasi. Kamera za mfumo wa AVCHD hukata rekodi ndefu vipande vipande, kwa hiyo nakilini folda nzima, msichague faili moja moja.

Kitu kingine: tundu la maikrofoni. Sony HDR-CX405, ambayo watu wengi wanaitaja, haina. Kwa harusi sawa. Kwa mkutano wa hadhara, ambako maneno ndiyo mali, mimi siichukui. Bora kamera ya kawaida yenye tundu la maikrofoni kuliko kali isiyokuwa nalo.

Sasa mtauliza, simu zina shida gani? Hapa ndipo mimi mwanafunzi wa sheria naamka. Chukulia mwenzetu anashtakiwa kwa maneno aliyosema jukwaani, na upande wa mashtaka unaleta kipande cha dakika moja. Sisi tunahitaji saa nzima, kilichosemwa kabla na baada. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama iangalie kama njia ya kutengeneza, kuhifadhi na kusafirisha taarifa ile ni ya kuaminika, na kama uhalisi wake umelindwa. Video iliyopita WhatsApp imeshabanwa, imebadilika jina, imepita mikono ishirini. Wakili wako ataanzia wapi? Na simu ikichukuliwa, zimeondoka na namba za watu wote na meseji za mama yako.

Kwa hiyo kadi ya mkutano haifutwi siku hiyo hiyo. Kwenye kadi kubwa ya SD sukuma kile kitufe cha pembeni ifungike, tia kwenye bahasha, andika tarehe, mahali na jina la aliyerekodi, saini. Ukishanakili kwenye laptopu, piga alama ya SHA-256 ya kila faili. Kwenye Windows ni amri ya certutil, nitawaonyesha baadaye, haichukui dakika mbili. Faili likiguswa hata kidogo, alama inabadilika. Ya kusambaza kwenye magrupu itengenezwe kutoka kwenye nakala, asili isiguswe.

Mtakaokwenda Kariakoo, bebeni laptopu yenyewe na kadi tupu. Rekodini dakika tano palepale dukani, hamisheni, fungueni, sikilizeni sauti. Muuzaji akinuna, nendeni duka la pili. Na risiti iandikwe jina la tawi, si la mtu.