Lindo la Nyumbani: Usalama wa Wazee Chooni na Bafuni



Wengi wenu, askari wa jeshi na polisi mlioko kazini, mmewaacha wazazi huko Arua na Koboko. Mpigapo simu huuliza kama mvua imenyesha, kama muhogo umekomaa, kama fedha zimefika. Lakini ni nani kati yetu aliyepata kumwuliza mama yake jinsi anavyofika chooni usiku?

Swali hilo si la aibu, wala si dogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wanaokufa kwa wingi zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Katika vijiji vya West Nile, choo cha shimo na ua wa kuogea huwa mbali na nyumba. Mvua ikinyesha njia huteleza. Sakafu ya saruji yenye povu la sabuni huteleza zaidi. Na kuchuchumaa ni adhabu kwa magoti yaliyochoka. Mzee akivunjika mfupa wa nyonga, huenda asisimame tena. Wapo wanaoikwepa safari hiyo kwa kujinyima maji tangu alasiri, na hivyo huyakaribisha maradhi mengine.

Katiba ya mwaka 1995 inaitaka dola iangalie ustawi wa wazee, na mpango wa ruzuku umekuwa ukiwapa shilingi 25,000 kwa mwezi waliotimiza miaka 80. Hata hivyo, ruzuku haimshiki mzee mkono gizani. Kazi hiyo ni yetu.

Ndugu askari, mnajua kwamba lindo hukaguliwa usiku. Basi mwendapo likizo, piteni katika njia ya mama wakati wa giza, kwa hatua zake fupi. Mtaviona visiki, mashimo na kizingiti kirefu. Ng'oeni visiki, mwageni changarawe, simamisheni fito za kushikilia, zenye kimo cha kiuno, kutoka mlangoni hadi chooni. Humo wekeni kiti imara cha mbao kilichotobolewa katikati. Na penye kuogea, kigoda na sakafu iliyokwaruzwa. Wekeni taa, na ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda kwa usiku wa mvua. Nguzo za miti huliwa na mchwa; zitikiseni kila likizo.

Lakini kwanza mwulizeni mwenyewe. Mzee hapendi kufanywa mtoto, naye ndiye ajuaye mahali anapoyumba.

Wengi wa wazee hao, baada ya vita vya mwaka 1979, walikimbilia Zaire na Sudan kwa miguu, watoto wakiwa mgongoni, kisha wakarudi kuanza maisha upya. Haifai aliyevuka mpaka namna hiyo aanguke hatua ishirini kutoka mlangoni mwake. Tuwatengenezee njia.