Kiswahili Mbele ya Kioo Cheusi: Kiendeshi cha Michoro na Lugha ya Mtumiaji



Mada yangu yaweza kuonekana ya mafundi tu: kiendeshi cha kadi ya michoro katika mfumo wa Linux. Hata hivyo, inagusa moja kwa moja nafasi ya Kiswahili katika kompyuta.

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili. Wengi wetu tulidhani kwamba kilichobaki ni istilahi tu.

Mwaka 2009 nilivuka kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi, kwani daraja lililofunguliwa 2025 lilikuwa bado. Katika shule moja ya sekondari tulisimika Linux kwenye kompyuta kuukuu za msaada, na wanafunzi wakaandika insha kwa programu iliyozungumza lugha yao. Wiki iliyofuata, baada ya mfumo kusasishwa, kioo kilibaki cheusi, kikiwa na mistari ya Kiingereza. Mwalimu alinipigia simu: “Mwalimu, Kiswahili chetu kimekwenda wapi?”

Jibu ni hili. Kiendeshi ni mkalimani baina ya kiini cha mfumo na kadi. Menyu zetu za Kiswahili huishi ndani ya madirisha, na madirisha huchorwa kwa msaada wa mkalimani huyo. Akinyamaza, madirisha hayafunguki; hubaki ujumbe wa kiini, nao huandikwa kwa Kiingereza. Hivyo hitilafu inapotokea, lugha ya mtumiaji ndiyo hutoweka kwanza, saa ile ile anapoihitaji zaidi.

Mkalimani hunyamaza hasa pale msimbo wake unapofichwa. Kiini hubadilika mara kwa mara. Kiendeshi kilichofungwa hakiwezi kukifuata bila mtengenezaji. NVIDIA iliacha kuhudumia viendeshi vyake vya mfululizo wa 340 mwishoni mwa 2019, na kadi zilizovitegemea zikaachwa. AMD ilianza kutoa nyaraka za kadi zake mwaka 2007. Wachangiaji wa kiendeshi huria cha Nouveau walichunguza wenyewe mwenendo wa kadi za NVIDIA, na kazi yao ikatolewa pamoja na kiini mwaka 2010. NVIDIA ilipofungua sehemu ya msimbo wake mwaka 2022, walionufaika ni wenye kadi mpya, si shule zenye kompyuta kuukuu.

Nasi tulikosea. Nilimwambia mwalimu yule, “Tatizo ni kiendeshi.” Akafungua kasha, akachomoa diski iliyokuwa nzima, kwa kuwa hiyo nayo alifundishwa kuiita kiendeshi. Kitenzi *endesha*, yaani kufanya kitu kiende, kimezaa *mfumo endeshi*, *kiendeshi* cha programu na *kiendeshi* cha diski. Mzizi ni mzuri, ila umebebeshwa mzigo kupita kiasi.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, *kiendeshi* kibaki jina la programu, na diski iitwe diski. Pili, kila maabara iwe na karatasi moja ya Kiswahili ukutani, ikieleza jinsi ya kuwasha kompyuta kwa neno *nomodeset*, ambalo mara nyingi hurudisha mwonekano wa msingi hadi fundi afike. Karatasi haihitaji kiendeshi.