Video Ikikwama kwa Kompyuta ya Nyumbani: Kagua Kwanza Kabla ya Kutoa Pesa

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha mafunzo ya matumizi ya kompyuta.



Chukueni mfano wa mzazi ambaye bintiye yuko Kidato cha Nne. Binti anafuata somo la kemia kwa video, kwenye kipakatalishi cha mtumba kilichonunuliwa kwa shida. Dakika ya tano, picha inakwama. Mzazi ananunua bando kubwa zaidi. Picha inakwama tena. Jirani anamwambia kompyuta imezeeka, na mzazi anaanza kufikiria kuuza mbuzi ili anunue nyingine. Kumbe feni imejaa vumbi. Bando limekwisha, mbuzi nusura auzwe, na somo bado halijakamilika.

Kosa la mzazi huyu si kutojua kompyuta. Kosa ni kutoa pesa kabla ya kujua tatizo liko wapi. Mara nyingi video hukwama kwa mojawapo ya sababu mbili: ama data haifiki kwa kasi ya kutosha, ama imefika lakini kompyuta inashindwa kuichakata. Bando jipya haliponyi kompyuta iliyolemewa, wala kompyuta mpya haiponyi mtandao dhaifu.

Kuna njia rahisi ya kutofautisha. Mtumiaji azime intaneti, kisha acheze video iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta. Ikienda vizuri, mtandao ndio wa kushukiwa kwanza. Ikikwama, ajaribu video nyingine, kwani huenda faili ya kwanza imeharibika. Ya pili nayo ikikwama, tatizo liko kwenye kompyuta. Video iliyo kwenye flashi inakiliwe kwanza ndani ya kompyuta, kwa sababu baadhi ya flashi husoma polepole. Masikio pia husaidia. Sauti ikiendelea huku picha imesimama, mara nyingi kompyuta ndiyo imelemewa. Vyote viwili vikisimama na kiduara kuzunguka, mara nyingi data inachelewa.

Tatizo likiwa mtandao, hatua ya kwanza haina gharama: kupunguza ubora wa picha. Kwenye YouTube, alama ya gurudumu chini ya video hufungua sehemu hiyo. Mwongozo wa YouTube unaeleza kuwa video ya 1080p huhitaji kasi ya takriban megabiti 5 kwa sekunde, ilhali ya 480p huhitaji takriban 1.1. Picha ndogo pia hula bando kidogo. Wenye Wi-Fi wasogeze kompyuta karibu na ruta, maana kuta za mawe hudhoofisha mawimbi. Wanaotumia data ya simu waiweke simu karibu na dirisha.

Tatizo likiwa kompyuta, mtumiaji aizime na kuiwasha upya, kisha afungue video peke yake bila kurasa nyingine. Kwenye Windows, kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja huonyesha programu zinazotumia nguvu nyingi. Baada ya hapo, asasishe kivinjari na programu inayoendesha kadi ya picha. Video nyingi za siku hizi hubanwa kwa mbinu mpya ambazo kompyuta za zamani huzichakata kwa taabu. Hapo pia, kushusha ubora husaidia.

Joto nalo lisisahaulike. Kompyuta ikipata joto kali hujipunguzia kasi ili isiungue. Isiwekwe juu ya kitanda au mto, kwa kuwa matundu ya hewa huzibwa. Feni isafishwe mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa kwenye umeme. Asiyejua kuifungua ampelekee fundi. Na kompyuta yote ikiganda mara kwa mara huku diski ikitoa mlio wa kugonga, mwenyewe anakili vyeti, picha na kazi za shule mahali pengine kwanza, kabla ya jambo lingine lolote.

Kuna tahadhari moja. Ukurasa ukidai kuwa video haitacheza hadi mtu apakue programu fulani, aufunge. Hiyo ni njia ya zamani ya kuingiza virusi na kuiba nywila, na hasara yake huzidi bei ya bando. Anayehitaji programu ya kuchezea video zilizohifadhiwa anaweza kupata VLC bila malipo kwenye tovuti ya watengenezaji wake.

Hatua hizi zote zikishindikana, ndipo fundi aitwe, naye aelezwe yaliyokwisha kujaribiwa. Mteja anayejua tatizo liko upande gani si rahisi kuuziwa kifaa asichohitaji. Mbuzi abaki zizini, na binti amalize somo lake.