Mgomo Ambao Haukutokea

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



 Katibu aliniandikia kwamba niseme juu ya amani miongoni mwa vijana, nami nilikuwa nimekwisha kutayarisha hotuba ya kawaida ya mtumishi wa serikali, yenye mambo mengi ya wizara. Lakini asubuhi hii nilipofika nilikuta baadhi ya wenzangu wamesimama karibu na bweni la zamani, wakisimuliana habari za migomo ya siku zao. Mmoja alikuwa akieleza jinsi walivyovunja madirisha usiku mmoja, na wengine wanacheka hadi machozi. Pembeni yao palikuwa na wavulana wanne waliotumwa kubeba viti. Viti walikuwa wameviweka chini, wanasikiliza. Nikaitia ile hotuba mfukoni.

Wenzangu, niwieni radhi, lakini zile hadithi zetu ni mafunzo. Kijana akimsikia mtu mwenye gari na tai akijisifu kwamba alivunja madirisha na hakupungukiwa na kitu, ataamua nini? Basi na mimi nitasimulia yangu, ila yangu ni ya mgomo ambao haukutokea.

Ilikuwa mwaka 1996, muhula wa pili, nami nipo kidato cha tatu. Mkate ulikuwa umeibwa ghalani, na kwa kuwa mwizi hakujulikana, kidato chetu chote kilinyimwa sinema ya Jumamosi. Siku mbili baadaye mwenzetu mmoja alizabwa kofi na kiranja katika foleni ya chakula, mbele ya wavulana wa kidato cha kwanza. Mtakumbuka, ninyi wa rika langu, kwamba siku zile kiboko kilikuwa bado halali mashuleni. Hakikupigwa marufuku hadi mwaka 2001, na mkono wa kiranja ulikuwa mdogo wake kiboko. Lakini kofi lile halikuuma shavuni. Liliuma kwa sababu watoto wadogo walicheka.

Jioni ile tulikutana watu kumi nyuma ya mabafu. Hakuna aliyetamka neno la kuua mtu. Nataka mlisikie hili vizuri, vijana. Tulisema tutachoma magodoro ya viranja wakati wote wako madarasani kwa masomo ya jioni, basi, ili waone. Mtungi wa mafuta ya taa, wa lita tano, ulitolewa jikoni. Aliyepewa kuuficha ni mimi. Niliufunika kwa majani katika mfereji, nikaenda kula githeri kama mtu asiye na neno.

Mmoja wetu hakusema mengi pale mabafuni. Baada ya chakula alisema tumbo linamsokota, akaondoka. Hakwenda kwa mwalimu mkuu wala kwa askari wa lango. Alikwenda kubisha mlango wa mwalimu wa bweni.

Mwalimu yule alikuja peke yake. Aliketi juu ya sanduku la bati la mwenzetu, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Kati yenu, ni nani aliyekasirika wa kwanza?" Hakuuliza nani kaiba mafuta. Hakuuliza nani kiongozi. Tulinyamaza muda mrefu, kisha yule aliyepigwa kofi akaanza kusema, na alipoanza hakuweza kujizuia, akalia mbele yetu sote. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akainuka akasema, "Mimi ninakwenda kunywa chai. Nitapita jikoni saa nne. Kitu chochote kisichokuwa mahali pake, nikikute kimerudi mahali pake." Akatoka.

Nimefikiri juu ya chai ile kwa karibu miaka thelathini. Alikuwa ametufungulia mlango wa kurudi nyuma bila kuitwa waoga. Kama angekuja na askari na tochi, naijua nafsi yangu ya miaka kumi na saba, ningeshindana naye. Kijana aliyebanwa ukutani mbele ya wenzake hachagui jambo jema. Huchagua lile litakalomwondolea aibu haraka. Mtungi ulirudi jikoni kabla ya saa nne, nao mikono yangu ndiyo iliyoubeba.

Msidhani tuliachwa hivi hivi. Kesho yake yule kiranja na mwenzetu waliitwa nyumbani kwa mwalimu, wakaketi meza moja. Kiranja alipoulizwa, alisema kwamba naye alipokuwa kidato cha kwanza alipigwa papo hapo, katika foleni ile ile. Aliomba radhi, na aliomba tena mbele ya foleni, kwa sababu mwalimu alisema kosa lililofanywa hadharani haliponywi chumbani. Sisi kumi tulichimba shimo la takataka wiki nzima kwa majembe butu. Sinema ya Jumamosi hatukurudishiwa, na hapo, kwa maoni yangu, shule ilikosea. Kuwaadhibu watu themanini kwa mkate wa mtu mmoja ni kuwafunza themanini hao kwamba uaminifu hauna faida. Walimu wetu, nalisema kwa heshima.

Sasa nije kwa yule mwenzetu wa tumbo. Tulimwita msaliti. Mimi sikusema naye neno tangu usiku ule hadi tulipomaliza kidato cha nne, na vitanda vyetu vilikuwa vinatazamana.

Nikaenda Chuo Kikuu. Mwaka 1999 tukasikia kwamba katika shule ya wavulana ya Nyeri viranja wanne walifungiwa vyumbani mwao usiku wakachomwa kwa petroli. Niliposoma habari hiyo niligeuza ukurasa upesi. Halafu ikaja Machi 2001, bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, likatiwa moto usiku wavulana wamelala. Walikufa 67. Mlango mmoja ulikuwa na kufuli na madirisha yalikuwa na vyuma. Siku ile sikuweza kugeuza ukurasa. Niliuona mtungi wa lita tano kwenye majani, na nikajiuliza: sisi tulisema watu watakuwa madarasani, je, kama mtoto mmoja angekuwa mgonjwa, amelala kitandani? Hatukuwa tumeliuliza swali hilo hata mara moja.

Nikamwandikia yule mwenzangu barua. Alikaa miezi miwili bila kunijibu. Alipojibu aliandika mistari minne tu, na mmoja ulisema kwamba usiku ule, kabla ya kubisha mlango wa mwalimu, aliuzunguka uwanja wa mpira mara tatu kwa hofu. Tulikuwa tukimwita mwoga.

Ninyi vijana mnajua ya karibu zaidi. Mnajua muhula wa pili wa 2016, shule zaidi ya mia moja zilipokumbwa na moto. Mnajua wasichana kumi wa Moi Girls, Nairobi, Septemba 2017. Na wazee wanaikumbuka St. Kizito, Meru, Julai 1991, ambako wasichana waliokataa kuingia katika mgomo wa wavulana walivamiwa usiku, na 19 wakafa. Walikuwa wamesema hapana. Kusema hapana kunahitaji watu wa kukulinda, na hiyo ni kazi ya shule nzima.

Kazi ya serikali ilinipeleka Wajir miaka kadhaa, na huko nilijifunza jambo lililonikumbusha mwalimu yule. Miaka ya 1992 na 1993 koo za huko zilikuwa zikiuana. Akina mama wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianzia sokoni: mama wa ukoo wowote auze na anunue kwa yeyote. Wakaweka wenzao wa kuangalia soko kila siku, na ugomvi ukitokea uletwe kwao, hata kama ni wa kibaba cha maziwa. Baadaye kamati yao, pamoja na wazee na vijana, ikawa ikisikia tetesi inakwenda pale pale, haingoji maiti. Ninyi bwenini mnao ugomvi wa kibaba kila siku: ndoo, foleni, kitanda, neno juu ya nyumbani kwa mtu. Usipelekwe nyuma ya mabafu. Na anayesuluhisha asiufanyie kazi mbele ya kundi la watazamaji, maana mbele ya watazamaji hakuna anayekubali kosa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika halmashauri ya shule. Nimemuuliza Bwana Mwalimu Mkuu, naye ameniambia mwakilishi wenu huhudhuria. Nimemuuliza mwakilishi mwenyewe, kijana mwenye adabu sana, kama amewahi kusema neno katika mkutano. Akatabasamu. Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano ujao aulizwe wa kwanza, kabla ya habari za paa na rangi ya kuta, na akisema chakula ni kibaya, asiulizwe nani aliyemtuma.

Yule mwenzangu yuko hapa leo, ameketi kati yenu. Amenikataza kumtaja jina, na nimetii. Lakini ninyi wanne mliokuwa mkibeba viti, baada ya chakula njoni pale kwenye mfereji nyuma ya jiko, naye atakuja. Amekubali kuwaeleza yale mambo ya uwanja wa mpira, ambayo mimi siyajui vya kutosha.