Makala inaweza kulimwa: maneno kwa vijana wa Bel-Air



Leo hatukukuja kulalamika juu ya SNEL. Kila mutu anajua: umeme ukikatika, mama anawasha mbabula na bukari inaiva kwa makala. Hata siku umeme iko, nyumba mingi zinapika kwa makala. Basi tuulizane: ile makala inatoka wapi, na nani anaifanyia kazi?

Inatoka mu pori ya miombo: musamba, muputu, mutondo. Simama asubuhi ku barabara ya Kasenga ao ya Kipushi, utaona vijana wa rika yetu wanasukuma kinga zenye kujaa mifuko. Pori inasogea mbali, njia ya kinga inakuwa ndefu. Mwenye kuchoma anapata kidogo, mama mwenye kununua analipa mingi. Tukiendelea vile, tutapoteza pori na kazi kwa pamoja.

Sisi tunasema: makala inaweza kulimwa, kama vile mahindi inalimwa. Haiko ndoto. Ku uwanda wa Bateke, kilometa kama 140 kutoka Kinshasa, kuko shamba la Mampu. Tangu mwisho wa miaka ya 1980, karibu hekta 8,000 zilipandwa akasia, kisha zikagawanywa kwa familia zaidi ya 300, kila familia hekta 25. Mwanzoni wanapanda muhogo na mahindi kati ya miti. Miti ikifika miaka 7 mpaka 10 inakatwa, inachomwa makala, shamba linaanza tena. Tena wanavuna asali. Na ku Kivu ya Kaskazini, mradi wa EcoMakala umesaidia wakulima kupanda miti ya makala kandokando ya Virunga tangu 2007.

Lakini tusinakili bila kufikiri. Huku kwetu tunakaa karibu miezi sita bila mvua. Pesa ya kununua miche peke yake haitoshi. Inahitaji watu wenye kujua kazi. Kazi gani?

Ya kwanza, kitalu. Mbegu ya akasia iko na ngozi ngumu: inamwagiwa maji ya moto, inalala ndani usiku mmoja, njo inapandwa. Kitalu kinaanza mbele ya mvua, ili mu Desemba miche iende shambani. Kazi hii inaweza kufanyiwa hata mu parseli ya Bel-Air, kama maji iko.

Ya pili, moto. Moto wa mwezi wa tisa, majani yakiwa yamekauka kabisa, unamaliza shamba la miaka mitatu kwa mchana mmoja. Mutu mwenye kujua anasafisha kando ya shamba na kuchoma majani mapema, mu Mei ao Juni, moto ukiwa bado mdogo. Ni yeye pia anajua kwamba kisiki cha musamba hakikufa: ukikilinda na moto na mifugo, kinachipuka chenyewe. Kuna hekta ambazo hazihitaji mche, zinahitaji mlinzi.

Ya tatu, tanuru. Mu tanuru ya udongo ya kawaida, kilo 100 za miti iliyokauka zinatoa kilo 10 mpaka 20 za makala. Tanuru ya Casamance, yenye bomba la chuma na kupangwa vizuri, mikononi mwa fundi inaweza kufika 25 mpaka 30. Hesabuni wenyewe: ujuzi wa fundi mmoja unaokoa miti mingi.

Ya nne, karatasi. Kupima shamba, kuandika hesabu ya koperative, kusoma mkataba mbele ya kutia sahihi. Dekreti nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya kijiji kupata msitu wake mpaka hekta 50,000. Ni haki kubwa, lakini inapitia ramani na mafaili. Wengi wetu tuko na diploma mufukoni tukingojea kampuni ya madini ituite. Hii nayo ni kazi ya diploma.

Na tuseme wazi hatari yake. Ku Kisarawe, Tanzania, kampuni ya Sun Biofuels ilipewa karibu hekta 8,000 za vijiji ili kupanda mibono ya mafuta. Mwaka 2011 kazi ilisimama: vibarua wakabaki bila mshahara, wanavijiji bila ardhi yao. Njo maana sisi hatuombi kazi tu. Tunauliza: mti utakuwa wa nani?

Tunaomba mambo manne. INPP ifungue mafunzo ya kitalu na ya tanuru, yenye bei ambayo mtoto wa Kampemba anaweza kulipa. Kitivo cha kilimo cha UNILU, chenye kujua miombo vizuri, kilete ujuzi wake kwa Kiswahili na Kibemba mpaka vijijini. Mkoa utangaze kila mkataba wa ardhi ya kupanda miti, mbele ya sahihi. Na wachomaji wa leo wawe wa kwanza kufundishwa: wanajua miti kuliko sisi wote, wasifukuzwe kama wezi.

Na sisi je? Tusingoje barua ya mkubwa. Vijana kumi, parseli moja, mbegu, maji na mwenye kutufundisha: kitalu kinaweza kuanza mbele ya mvua hii. Mwenye parseli, mwenye kinga, mwenye kujua kuandika hesabu, ajitokeze leo na aandikishe jina mbele hatujaachana.

Mti unaopandwa mwaka huu utapikia bukari ya watoto wetu. Tuupande, na tuhakikishe uko wetu.