Apewe Chakula

Bwana Yesu alipomfufua binti Yairo hakuishia hapo. Aliagiza apewe chakula. Mwaka 1966 makanisa ya Kenya, kupitia Baraza lao la Kikristo, yalitoa taarifa juu ya watoto waliomaliza shule ya msingi wakakosa nafasi ya sekondari, yakauliza: baada ya shule, nini? Ndipo vikaja vyuo vya ufundi vijijini: useremala, uashi, ushonaji.

Nami miaka mingi baadaye, kijana niliyembatiza mwenyewe alinijia, cheti mkononi. “Mchungaji, nimemaliza. Sasa?” Nikamwambia nitamwombea. Akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Na kule stoo ya kanisa, randa na misumeno vilikuwa vikishika kutu.

Ndugu, kijana wa jirani yako ameamkia wapi leo?